Mguu wa Fundi Masikio

Mume wangu anaitwa Masikio, na jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo si haba. Alipewa kwa sababu ya kabureta, kile kifaa cha injini za zamani kinachochanganya petroli na hewa. Mafundi wengine huzirekebisha kwa vipimo. Yeye huwasha injini, huinama, hufumba macho, hushika bisibisi kwa vidole viwili na kugeuza skrubu taratibu mpaka mngurumo utulie. "Hapo," husema, na hakuna anayebisha. Tumeoana miaka thelathini na minne, na sikumbuki siku aliyonisikiliza mimi kwa makini kiasi hicho.

Gereji yetu ni ya nne katika safu ya gereji sita, mabati juu, chini sakafu ya saruji iliyokunywa oili hadi ikakinai. Mimi nakaa dirishani, nauza vipuri: plagi, mikanda, gasketi, mipira ya breki. Kukaa dirishani kunamfanya mtu ajue mambo mapema. Nilijua kabla ya wote kwamba vipuri vya kabureta vinakwisha sokoni, maana rafu yake ilibaki na vumbi tu. Nikajua pia kwamba sikio la kushoto la mume wangu linakufa. Nilimwita mara tatu kutoka upande ule, na alipogeuka akasema eti nilikuwa nanong'ona. Mimi sijanong'ona tangu niolewe.

Daktari alisema ni kelele za miaka mingi, na kwamba sikio halitarudi. La kulia lilikuwa bado zima, lakini kabureta alizizoea kwa yote mawili. Hakumwambia mtu. Miezi minane alitikisa kichwa kwa watu wasemao naye upande mbovu, akikubali mambo asiyoyajua. Siku moja alikubali kuwa mshenga wa mtu. Kisha gari alilolirekebisha asubuhi likarudi jioni likinuka petroli. Mwenyewe hakulalamika, alidhani ni bahati mbaya. Masikio akakaa juu ya tairi, mikono imelegea.

"Mke wangu," akasema, "nisipoisikia injini, mimi ni nani hapa?"

Nilikaa naye juu ya lile tairi, nikiwa na hofu ambayo sikutaka aione.

Basi ndipo likaja gari la Mwalimu. Mwalimu amestaafu sasa, lakini nusu ya watu wa safu yetu aliwafundisha kusoma, na hata leo fundi rangi wa jirani, mtu mzima mwenye ndevu, akimwona huficha sigara. Gari lake ni saluni nyeupe, kongwe kuliko kifungua mimba wetu. Kabureta yake ilikuwa imechakaa hadi kwenye mhimili, inavuta hewa mahali pasipofaa, na nyingine ya kubadilisha haikupatikana. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishalizunguka gari hilo mara mbili, akilipima kwa macho.

"Nipe hadi Jumamosi ya tatu, saa sita mchana," Masikio akamwambia Mwalimu, mbele ya watu. "Kabureta naitoa kabisa. Nitakuwekea mfumo wa sindano, kama magari ya siku hizi."

"Sawa. Likiwaka, nitaondoka nalo mimi," akasema Mwalimu. "Lisipowaka, ataondoka nalo huyu bwana wa vyuma."

"Lisipowaka, Mwalimu, navua ovaroli, siivai tena."

Watu walicheka, wakadhani ni maneno ya gereji. Mimi nilijua hatanii. Kwenye mfumo wa sindano petroli hainyonywi na injini yenyewe. Pampu huisukuma, sindano ndogo huinyunyiza, na kiboksi cha umeme hupima hewa na joto kikaamua kiasi. "Sensa, zile za kupima hewa na joto, ndizo zitakazosikia," aliniambia nyumbani. "Mimi nitabaki na akili na mikono." Kwa hiyo lililokuwa linapimwa si gari. Ni yeye, kama ana miaka mingine ya kufanya kazi au amefika mwisho.

Alifanya kazi wiki tatu, na sitaona haya kusema nilijivuna. Alinunua injini ya gari la kisasa kidogo lililogongwa nyuma, akatoa sindano nne, pampu, kiboksi na waya wake wote. Alichonga bamba la kuunganishia kwa tupa, milimita kwa milimita. Akatengeneza bomba la pili la kurudisha petroli kwenye tangi, maana tangi za zamani hazina. Kila waya aliuchora juu ya kipande cha boksi la katoni, akaupa namba. Fundi umeme wa gereji ya pili alikuja kukosoa, akakaa saa nzima, akaondoka na kalamu yetu bila kukosoa kitu.

Ijumaa asubuhi, ikawa siku ya kujaribu. Masikio akaingia, akakanyaga pedali ya mafuta mara tatu, ile ya tatu akaigandamiza mpaka chini, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, kimya. Akapima cheche, ipo. Akapima presha ya petroli, ipo. Akafuata waya mmoja mmoja kwenye katoni yake. Akakanyaga tena mara tatu, akapiga stata tena. Kimya. Ilipofika saa tano ovaroli yake ilikuwa imelowa mgongoni, na mimi dirishani nilimuuzia mtu mkanda usio wake.

"Njoo unipigie stata," akaniita. "Nataka nizishike sindano nione kama zinacheza."

Mimi ni mfupi, na kiti kilisukumwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Pedali nilizionea mbali, miguu yangu haikuzifikia. Nikageuza ufunguo. Injini ikawaka papo hapo, ikatulia, kama vile haikuwahi kuwa na tatizo maishani. Masikio akaruka nyuma, akagonga kichwa kwenye boneti.

Akaizima, akaingia yeye. Kimya. Akatoka, nikaingia mimi. Ikawaka. Tulifanya hivyo mara nne.

"Linakupenda wewe," akasema, na safari hii hakuwa anatania. Alikuwa karibu kulia.

"Si mapenzi, baba. Ni mguu wako."

Wateja wakiwa haba mimi husoma chochote kilichoandikwa, na nilikuwa nimekisoma kitabu cha maelezo cha lile gari lililogongwa, alichotupatia muuzaji pamoja na injini. Nikakileta. Imeandikwa humo kwamba pedali ikiwa chini kabisa wakati wa kupiga stata, kiboksi hudhani injini imelowa, hivyo hukata petroli ili ikauke. Kabureta ilitaka ukanyage ndipo ipate petroli. Hii, ukikanyaga unainyima. Mume wangu alikuwa amelizima gari kwa mguu wake asubuhi nzima.

Akasoma ukurasa ule mara mbili. "Mzoea vya kunyonga," akasema.

"Vya kuchinja haviwezi," nikamalizia, na tukacheka mpaka fundi rangi akachungulia.

Jumamosi Mwalimu alifika kabla ya saa sita. Mnunuzi wa vyuma alikuwa keshafika na kamba yake ya kuvutia gari. Safu nzima ilisimama pale, wengine na vikombe vya chai mkononi. Tulikuwa tumepanga Masikio ndiye awashe, lakini Mwalimu alimpokonya ufunguo, akaketi, akafunga mlango. Gari lake huliwasha mwenyewe. Kabla hatujasema neno akakanyaga mara tatu, ya tatu mpaka chini, akapiga stata, sawasawa na vile Masikio alivyomfundisha alipolileta gari kwetu mara ya kwanza.

Kimya. Akarudia. Kimya. Mnunuzi wa vyuma akaanza kukunjua kamba.

Masikio akainama dirishani kwa Mwalimu, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sikusikii," akasema Mwalimu. "Sema kwa sauti, wasikie na wa nyuma."

Mume wangu akapaza sauti. "Toa mguu kwenye pedali, Mwalimu. Nilichokufundisha kilikuwa cha kabureta. Sasa ni kosa. Na mimi jana nimelifanya kosa hilohilo asubuhi nzima."

Mtu mmoja akacheka. Mwalimu akamtazama, naye akaacha.

"Kwa nini basi unanibadilishia mambo uzeeni? Si ungeitafutia dawa ile kabureta ya zamani kwa masikio yako, kama siku zote?"

Masikio akanitazama. Nilikuwa na majibu matatu ya kumwokoa, na yote nikayameza.

"Masikio si yale, Mwalimu," akasema, wazi, kwa watu wote. "La kushoto limekwisha. Ilibidi nitafute namna ya kufanya kazi bila hilo. Namna yenyewe ndiyo hii."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Mwalimu akaweka miguu yote miwili sakafuni, akageuza ufunguo. Gari likawaka. Likaunguruma sawasawa, bila skrubu ya mtu, na fundi umeme akapiga kofi moja la sauti kwenye paja lake. Mnunuzi wa vyuma alikunja kamba.

Mwalimu akasema neno dirishani. Masikio alikuwa amempa ubavu wa kushoto, na ile ilikuwa nafasi yake ya kutikisa kichwa kama alivyofanya miezi minane. Hakutikisa. Aligeuka mbele ya watu wote, akainama, akaleta sikio la kulia.

"Rudia, Mwalimu. Huku ndiko kunakofanya kazi."

"Nimeuliza kama Jumatatu una nafasi. Dada yangu ana gari la kabureta, asubuhi haliwaki mpaka alikanyage weee."

"Mwambie aje," akasema mume wangu. "Ila yeye bado aendelee kukanyaga."