Kiti cha Kushoto

Jirani wa mama yangu kule Kondoa ndiye aliyelitia doa gari langu kabla hajaliona. Mjukuu wake anayesoma Dodoma alikuwa amemsimulia: gari dogo la milango miwili, limelala chini, linanguruma, na anayeliendesha ni mimi mwenyewe, mwanamke mwenye watoto wakubwa. Bibi yule akajifunga kanga akaenda kwa mama, akakaribishwa, akapewa maji, halafu akasema, "Gari la namna hiyo hununuliwa na mtu asiyetaka kubeba ndugu. Wewe mama mzazi utakaa wapi humo?"

Mama hakuacha hata kupepeta uwele wake. "Nafasi yangu ipo," akamjibu. "Mbele, kushoto kwake."

Alinisimulia kwa simu nami nikacheka sana. Hakuwa amewahi kuliona gari lenyewe, na hata angeonyeshwa picha isingemsaidia, maana macho yake yalikwishaingia ukungu. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya jirani. Kwetu kule mtu mzima akishasema mbele ya jirani, hana tena ruhusa ya kukosea.

Mimi nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Mashine mbili, stoo, kibaraza cha wateja, na mzani mkubwa wa kupimia magunia. Ukiniuliza mimi, mzani huo ndio uliolitengeneza gari langu. Kila kitu mimi na fundi wangu tulichokifungua tulikibeba mpaka pale tukakipima, na wakulima waliokuwa wakisubiri mafuta yao wakasogea kutazama. Hatukusumbuka na kilo. Tulihesabu kwa alizeti: kapeti ni debe, tairi la akiba na jeki yake ni debe na kitu, kiti cha nyuma, ambacho hata mtoto hakai bila magoti kugusa kidevu, tukakadiria robo gunia. Mzee mmoja wa kutoka Bahi alitazama weee, mwisho akauliza, "Na hili gari mkishalikoboa lote, mtakula nini?"

Sababu nilikuwa nayo. Nje ya mji kuna uwanja mpana wa lami wa tajiri mmoja wa malori, na baadhi ya Jumamosi, malori yakiwa safarini, anaturuhusu sisi wapenda magari tupange koni na kila mtu azunguke peke yake, saa ikimpima. Katika kundi letu yumo daktari wa meno, mtu mwenye tabasamu refu na injini kubwa kuliko yangu. Mara ya mwisho alinishinda, akaja dirishani kwangu akasema kwa upole, "Dada, umejitahidi sana." Mimi kushindwa nakuweza. Hilo neno "umejitahidi" ndilo lililonipandisha damu. Injini kubwa sikuwa na uwezo nayo, basi nikasema, kama siwezi kuongeza nguvu nitapunguza mzigo.

Mume wangu ni mwalimu, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Alivumilia mpaka siku aliyoona kiyoyozi kimelazwa kwenye mzani.

"Mama watoto," akasema, "Dodoma hii, jua hili, unatoa kiyoyozi?"

"Nitafungua dirisha."

"Na vumbi?"

"Nitafumba mdomo."

Alicheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu hilo la mimi kufumba mdomo hajawahi kuliona.

Chini ya kapeti kulikuwa na ile lami nzito wanayobandika kiwandani ili kuzuia kelele. Tuliingojea baridi ya Julai. Asubuhi, upepo ukiwa umeikausha, ukiigonga kwa patasi inabanduka kama ukoko wa wali. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nikimaliza kufungulia mashine naingia garini na patasi yangu, natoka vumbi tupu na furaha tupu, na wafanyakazi wangu wakawa wananikwepa wasije wakaambiwa washike nyundo.

Cha mwisho kutoka kilikuwa kiti cha kushoto. Fundi aliweka spana kwenye nati, halafu akasita.

"Hiki nacho, bosi?"

"Nacho. Kule uwanjani nakimbia peke yangu."

Mama alikuwa Kondoa, hasafiri, haoni vizuri. Sikuona neno. Fundi akakichomelea kiti miguu ya chuma, tukakiweka kibarazani kwa ajili ya wateja, na tangu siku hiyo wakulima wakawa wanawahi foleni ili wakikalie.

Kwenye rimu nilipata somo kwanza. Nilinunua za kizamani kidogo, pana, rangi ya dhahabu iliyofifia, nzuri hata bibi harusi angezionea wivu. Nikaweka moja kwenye mzani, nikaweka na ile ya chuma iliyokuja na gari. Ile nzuri ikawa nzito kuliko ile mbaya! Nikaitazama, nikakumbuka Bahi. Nilipokuwa msichana nilipelekwa huko kwa shangazi msimu wa mpunga. Ndoo ya maji kichwani haikunishinda hata siku moja. Kilichonishinda ni tope la mbuga lililoganda miguuni, maana kila hatua lazima ulinyanyue, ulisukume, ulisimamishe, kisha uanze upya. Gari nalo ni hivyo hivyo. Mzigo wa mwilini linaubeba tu, wa magurudumu linauzungusha.

Zile za dhahabu nikazirudisha, muuzaji akanuna, nami nikamnunia zaidi. Nikatafuta mpaka nikapata nyingine, za kijivu, hazina urembo wowote, nyepesi kiasi kwamba rimu moja niliinua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Tairi zake zilikuwa pana na fupi, hazina nyama, bora kabisa kwa lami. Zile za chuma hatukuzitupa. Mbili zikaenda kwenye mkokoteni wa kubebea mashudu, na mbili zikalazwa juu ya turubai nyuma ya stoo lisichukuliwe na upepo. Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ingekuwa ya kwanza kwa gari langu likiwa limepungua hivyo, na nilikuwa nimeshalifanyia mazoezi jibu nitakalompa daktari wa meno.

Wiki iliyotangulia kaka yangu alikuwa amemleta mama kwa basi kutoka Kondoa kutolewa mtoto wa jicho. Alipofunguliwa bandeji alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka," kisha akalia, nami nikalia. Baada ya hapo hakukalika naye. Rangi ya ukuta wangu haikumpendeza. Sufuria zangu zilikuwa na masizi. Asubuhi alikuwa akija nami kiwandani, anakaa kibarazani, anaangalia watu, anawauliza wakulima habari za mvua na za ndoa za watoto wao. Alikaa kwenye kile kiti. "Kiti hiki kina adabu," aliniambia. "Kinashika mgongo bila kuuonea."

Alhamisi akaniita. "Kesho Ijumaa unanipeleka nyumbani. Nataka tufike watu wakiwa wanatoka msikitini."

"Sawa, mama. Baba watoto atanipa gari lake."

"La mkwe nimeshalipanda. Nataka lako. Nimelisemea miaka, na sasa Mungu amenirudishia macho, nilione na waone."

Nilijaribu. Nikamwambia lina kelele, liko chini, halina ubaridi ndani. Akauliza nani aliyeniambia kwamba yeye amezaliwa ndani ya ubaridi. Akanyanyuka, akashika mkongojo, akaenda mwenyewe mpaka gari lilipoegeshwa, akafungua mlango wa kushoto. Ndani kulikuwa na sakafu ya bati tupu na matundu ya nati. Alitazama pale chini kwa macho yake mapya.

"Mwanangu," akasema polepole, "nafasi yangu iko wapi?"

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Niliumia moyoni, na mimi nikiumia huwa mkali, kwa hiyo nikamgeukia fundi nikamfokea kwa nini amesimama tu. Maskini, alikuwa amesimama kwa sababu hakuna aliyemtuma. Ndipo nikapata ulimi wa kumjibu mama.

"Umeikalia, mama. Tangu Jumatatu umeikalia."

Akageuka akatazama kibaraza. Akatazama tena gari. Akaanza kucheka, cheko lake lile la kujipiga paja, wakulima nao wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Fundi alinivuta pembeni. "Bosi, kile kilima cha kwenu nakijua. Hizi tairi fupi zitapasuka kwenye mawe kabla hujafika nusu. Tukirudisha za chuma leo, Jumamosi utaingia nazo uwanjani. Ukitoka Kondoa hatutapata muda wa kubadilisha."

"Najua."

"Na daktari wa meno?"

"Fungua mkokoteni," nikamwambia.

Basi ikawa kazi. Mkokoteni ukapakuliwa mashudu, ukang'olewa magurudumu. Turubai likawekewa mawe. Kiti kikakatwa miguu ya chuma huku mteja mmoja akilalamika kwamba zamu yake ya kukaa ilikuwa imefika. Tairi za zamani bado zilikuwa na meno, tukazijaza upepo. Jioni gari langu likasimama na rimu zake za chuma, moja bado ina mafuta ya alizeti ukingoni. Kiti kilinuka mashudu. Fundi alilitazama akasema limerudi kuwa la mtu mzima.

Ijumaa tuliondoka jua likiwa bado la upole. Bila kapeti na bila ile lami ya kuzuia kelele, kila kokoto iliyorushwa na tairi ilipiga chini ya miguu yetu. Madirisha yalikuwa wazi, mtandio wa mama ukipepea, naye ameshika mlango kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mwingine.

"Linasema kama mashine ya kusaga!" akapaza sauti.

"Nipunguze?"

"Liache liseme!"

Njia nzima alinisomea dunia. Mbuyu ule, ng'ombe wale, nguo nyekundu iliyoanikwa kule, mtoto yule hajavaa viatu. Alikuwa amekosa kuviona kwa muda mrefu kuliko alivyotuambia, na mimi nilikuwa nimeamini kwamba ni ukungu kidogo tu.

Tuliingia Kondoa wanaume wakiwa wanatoka msikitini na kanzu zao. Nikakata kushoto kwenye njia ya kilima chetu, njia ya mawe ambayo gari la mume wangu huwa linaachwa chini. Nikaweka gia ya kwanza. Langu likapanda. Rimu ndogo, tairi zenye nyama, na mwili uliokobolewa robo gunia baada ya robo gunia, likapanda likiruka kama mbuzi, na mimi nikapiga kelele ya furaha mle ndani. Kazi yote niliyomfanyia daktari wa meno ilikuwa imenifaa kwenye kilima cha mama.

Tulisimama mlangoni kwake. Nikazunguka kumfungulia ashuke, hakushuka. Alikaa palepale, mlango wazi, mtandio ameurekebisha, akapokea shikamoo moja baada ya nyingine. "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ndilo lenyewe." Nilisimama juani kama dereva wa waziri, nikingoja.

Bibi jirani alikuja mwisho. Alisalimia, akainama, akachungulia nyuma.

"Mbona huku nyuma hakuna kitu?"

"Nyuma kuna nini changu?" mama akasema. "Mimi nakaa mbele."

Bibi akasogea mlangoni. Alikipapasa kiti, akanusa mkono wake, akatazama chini mlimani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nionje." Mama alimwacha angoje kidogo, haki yake. Halafu akashuka, akamshika mkono, akamkalisha. Nilimzungusha mpaka msikitini na kurudi, na njia nzima kila tulipopita mtu alimpungia.

Kule nyuma kusiko na kitu wakapakia karanga, mbaazi, maboga na kuku wawili waliofungwa miguu. Boga kubwa kuliko yote lilitoka kwa bibi jirani. Huwezi kukataa, na sikukataa.

Jumamosi nilifika uwanjani nimechelewa, nimewahi kushusha mizigo na kuku tu. Fundi alikuwa ananingoja na spana mkononi. "Rimu hatuwahi," akasema, "lakini kiti ni nati nne. Nikitoe?"

Nilitazama kiti. Mtandio wa mama ulikuwa umeacha uzi mmoja wa kijani kwenye mshono wake.

"Kiache," nikasema.

Nilikimbia vizuri nilivyoweza. Kwenye kona za mwisho zile rimu za chuma zilinivuta kama tope la Bahi, na karanga moja iliyotoroka gunia ikawa inabiringika kwenye bati, mimi nacheka peke yangu ndani ya kofia ngumu ya mbio. Nilishindwa, tena kwa kuonekana. Zile nyepesi zingerudi wiki iliyofuata, nami ningemfikia tu mpinzani wangu. Daktari wa meno akaja dirishani na tabasamu lake, akaanza kusema nimejitahidi, mara akakiona kiti.

"Lakini dada, umetoa mpaka kapeti, halafu unabeba kiti kisicho na mtu?"

"Kina mwenyewe," nikamwambia.