Salamu za Mpangaji wa Uani

Kila asubuhi, kabla hajafungua kompyuta, mpangaji wa chumba cha uani hutoka na koti lake zito, akachuchumaa mbele ya mwenye nyumba, Mama Asnath, na kupiga makofi taratibu, viganja amevikunja kidogo, ndipo aseme shikamoo. Wapangaji wengine hapo mtaani Izia humpungia mkono tu. Mlio ule laini humrudisha Mama Asnath uani kwa mama yake, kijijini Milepa, ambako hakuna mtoto aliyesalimia wakubwa akiwa wima. Kisha kijana huingia ndani kufanya kazi ya watu wa Dar ambao hajawahi kuwashika mkono. Kazi hiyo angeweza kuifanyia popote, na mwezi mzima sasa analipanga begi lake na kulipangua. “Dodoma mtandao haukatikikatiki, mama,” husema, kama anayeomba ruhusa.

Jana dalali wa Dodoma alimpigia simu ya video amwoneshe chumba. Mama Asnath, akipepeta ulezi mlangoni pa kijana, aliona kwenye simu kuta nyeupe, feni, kisha uso wa mzee mwenye nyumba ile. Hapo kijana aliilaza simu mezani, akachuchumaa, akapiga makofi.

“Mbona naona dari tu?” mzee aliuliza. “Huyu mtu kaenda wapi?”

Kijana hakuinuka. Alibaki ameinamisha macho sakafuni, viganja vimekutana, akisubiri kuitikiwa. Mama Asnath akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akamwitikia kwa makofi.