Mfereji Uliopimwa kwa Kanzu

Mume wangu alifariki katika miaka ya tisini, nami nikakaa eda katika nyumba yetu ya Kuze. Nilikuwa kizuka, mjane asiyetoka nje: nguo nyeupe, chumba cha mbele, dirisha la mbao lililofungwa nusu. Siku hazikuwa na kichwa wala miguu. Adhana iliniambia kumekucha, adhana ikaniambia kumekuchwa, na katikati nilisikiliza nyayo za wapita njia kichochoroni, kama mtu aliyelala chini ya maji akiwasikia walio juu.

Marehemu alikuwa na neno lake. Kila akirudi kazini Shimanzi, jua limempiga, alisema atatoboa ukuta atie mfereji wa koki nje, mwenye kiu anywe bila kubisha hodi. Hakuuwahi. Nikamwambia kakangu mfereji ule utiwe, uvute maji kwenye tangi letu la uani, uwe sadaka yake. Nilitaka kila atakayekunywa, thawabu zimfikie marehemu. Sikuwa na jambo jingine la kumfanyia.

Fundi akauliza uwe kimo gani. Nilifungua sanduku, nikatoa kanzu moja niliyoificha nguo zake zilipogawiwa, nikampa kakangu dirishani.

"Itundikeni ukutani, upindo uguse chini," nikasema. "Mfereji uwe hapa kifuani. Asiiname, mgongo wamuuma."

Kakangu akaipokea. Nikamsikia fundi: "Bwana, hapa si juu mno?"

"Wewe fanya ulivyoambiwa."

Patasi ikaanza. Ukuta wa mawe ulitetema hadi mgongoni mwangu, vumbi la chokaa likanyesha juu ya mkeka. Kanzu ilirudi na alama ya penseli kifuani. Nikaikumbatia, usingizi ukanichukua, naye akaja. Alisimama nje, akanywa wima, akapangusa ndevu. Hakusema kitu. Niliamka nimefurahi, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Asubuhi zikaja sauti.

"Mama wee! Mfereji huu ni wa twiga?"

"Shoga, inua ndoo, maji yanirukia mpaka kwenye buibui!"

"Niinue nina mabega ya hamali mie?"

Wakaenda zao wakicheka. Kisha wakapita watoto wa madrasa. Nikasikia viatu vikiruka, vikitua, vikiruka tena.

"Sifikii."

"Ruka, wewe!"

"Sifikii, nina kiu."

Na nyayo zikaondoka, ndogo ndogo, hadi zikaisha.

Nilikaa na lile "sifikii" mpaka alasiri. Nilijaribu kulala ili nimwone tena, nisimwone. Niliitazama alama ya penseli. Mfereji nilikuwa nimempimia yeye peke yake, naye hanywi tena. Nililia kidogo, si sana.

Kakangu alipokuja nikamwambia, "Uteremsheni."

"Mpaka wapi, dadangu?"

"Mtoto yeyote apitaye, msimamisheni hapo ukutani."

Patasi ikaanza upya, chini zaidi. Safari hii haikufika mgongoni. Niliisikia magotini, huku nimekaa. Tundu la juu waliliziba kwa chokaa.

Watoto walirudi kesho yake. Hawakuruka. Nilisikia maji yakigonga viganja, midomo ikiyavuta, mmoja akapaliwa, mwenziwe akampiga mgongoni, wakacheka, wakatimka mbio. Maji nyuma yao yakabaki yakimwagika. Maji ya tangi, na bomba la mji siku zile lilitoka lilipopenda.

Nikagonga ukuta kwa kiganja. "Nyinyi! Fungeni maji!"

Sauti yangu ilinishtua. Tangu mazishi nilikuwa nikinong'ona tu.

Mbio zikasimama kichochoroni.

"Nani huyo?"

"Ni yule mama wa eda. Nenda kafunge!"

"Nenda wewe!"

Nyayo za mmoja zikarudi polepole, mfereji ukalia ukifungwa, maji yakakatika.

"Nimefunga, mama," akasema nyuma ya ukuta, karibu sana.

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Ukiona kiu, rudi."