Mahindi ya Mbegu Kwenye Waya Wangu

Taa ya sebuleni kwa mama, kule Kizwite, ilianza kukonyeza. Mama aliivumilia siku tatu, kisha akanipigia simu. Mimi ni fundi umeme, naishi Mazwi, na nyumba ile nilifunga umeme mwenyewe, kazi yangu ya kwanza baada ya chuo.

"Njoo uone kazi yako," alisema, akakata.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mvua ya kwanza ikikaribia mama hupanda darini kushusha mahindi ya mbegu. Hupanda pekupeku, mikono ina maji ya vyombo, wala hamwambii mtu. Na taa ikikonyeza hivyo, huenda huko juu kuna waya ulioharibika. Niliogopa. Nikamwacha mteja wangu na tanuri lake, nikarukia bodaboda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinivunjie dari langu."

Nilijaribu testa kwenye soketi, ikawaka, maana yake testa yenyewe ni nzima. Ndipo nikazima swichi kubwa. Mama, aliyekuwa akisikiliza redio, aliuliza kwa nini nisizime ya taa tu. Nikamweleza kuwa ukizima taa, waya wa juu bado una moto. Aliguna. Nikachomoa na fyuzi nikaitia mfukoni, kwa sababu mama yangu namjua: nikigeuza mgongo tu, redio inarudi.

Nikapanda ngazi na tochi kichwani, mama akiishikilia chini. Darini nilitambaa juu ya mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, maana siling bodi haibebi hata paka aliyeshiba. Nilipoinua kichwa nikaona mahindi. Yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yametundikwa kwenye waya wangu wa umeme kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilielewa mara moja. Zamani mbegu zetu zilining'inia kwenye kamba juu ya jiko la kuni, moshi ukifukuza wadudu. Jiko lile lilibomolewa tulipojenga nyumba hii, mama akahamishia desturi yake darini. Panya nao wakahama. Walikula walichokula, kisha wakatafuna na waya. Katikati, palipotundikwa mahindi mengi zaidi, kopa, ile shaba ya ndani, ilikuwa wazi, urefu wa kidole. Palepale ambapo mkono wa mama ungepita.

Hasira zikanipanda.

"Mama, nani alikwambia utundike mahindi kwenye waya wa umeme?"

"Si umeufunga wewe?" alijibu kutoka chini, bila wasiwasi wowote. "Ungekuwa wa fundi mwingine ningeuogopa."

Waya ule ulitakiwa upite ndani ya bomba, ubanwe kwenye mbao. Lakini siku ile nilikuwa na haraka ya kumwona mama akiwasha taa, nikauvuta hewani kutoka kenchi hadi kenchi, ukakazika vizuri kabisa. Nilimtengenezea kamba ya mahindi, na misimu yote hiyo amekuwa akiitumia. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka masikio yanapata joto.

Nilishusha mahindi yote kwa kikapu. Sikuhangaika kuuziba kwa tepu. Waya uliotafunwa niliung'oa wote, nikapitisha mpya ndani ya bomba, maungio nikayafungia kwenye boksi lenye mfuniko. Upande wa pili, mbali kabisa, nikafunga kamba ya katani.

Nikashuka. Kabla sijakung'uta vumbi, mama alishakuwa juu ya ngazi kukagua. Aliivuta kamba, akaridhika. Kisha nikamwona akinyoosha mkono upande wa bomba.

"Na hili?"

"Hilo usiliguse, mama."

"Hata kama umelifunga wewe?"

"Hata kama nimelifunga mimi."

Alicheka, akaurudisha mkono. Nami niliishika fyuzi mfukoni, nikaibana kwa nguvu, mpaka miguu yake yote miwili ilipokanyaga sakafu.