Changarawe za Epifanio

Epifanio amebeba barafu kiwandani miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumsikia akiomba kitu. Nyumba ni ya ukoo wa mkewe, redio ya shemeji, kiti kizuri cha wageni. Chake ni tangi moja la kioo sebuleni, ambalo kila Jumapili hulichotea maji ya bahari kwa madumu mawili.

Ndani wanaishi wawili: kisamaki chenye mistari ya rangi ya chungwa, na kamba mdogo asiyeona vizuri. Kamba huchimba shimo chini ya changarawe kutwa nzima, samaki akilinda mlangoni. Kamba akitoka kumwaga mchanga, huacha sharubu yake mgongoni mwa mwenzake; samaki akitikisa mkia kumwonya, wote hutumbukia ndani. Shimo lile liliwachukua miezi minne.

Ikaja sikukuu ya mtakatifu wetu. Siku hiyo milango huachwa wazi, na hata usiyemjua huingia akala nguruwe wako. Kwa hiyo nyumba husuguliwa mpaka mvunguni. Anselmo, kaka wa mkewe, akaona changarawe ni uchafu. Epifanio akiwa kazini, akazizoa zote, akabakiza maji na samaki, akatia maua ya plastiki.

Mimi, jirani yao, nilikuwepo Epifanio aliporudi mchana, Anselmo akamwita kwenye tangi.

"Shemeji, umeona? Linang'aa kama la hotelini!"

"Kamba yuko wapi?"

"Kale kadudu? Kako kwenye ndoo, uani. Usiogope, hatujakatia siki na ndimu bado."

Wageni wakacheka. Kisamaki kilikuwa kikirukaruka juu ya maji. Kikikosa shimo hujirusha nje, kikafia sakafuni. Nililijua hilo, nami nikanyamaza na sahani yangu mkononi. Linaniuma mpaka leo.

Epifanio akatoka, akarudi na jiwe lao na karai la changarawe kutoka jalalani, zimesuuzwa harakaharaka.

"Baba watoto," Felisa, mkewe, akanong'ona, "watu wanakula. Si kesho?"

"Kesho samaki atakuwa amekufa."

Akazimimina. Maji yakawa kama chai ya maziwa, yakamrukia Anselmo shatini.

"Wewe! Padri yuko mezani!"

"Na ale! Nikiingia chumbani kwako nikatupa godoro lako jalalani, nikakuwekea maua, utanishukuru? Ulimwuliza nani?"

Epifanio akamleta kamba kwenye viganja, akamshusha polepole kando ya jiwe. Felisa akalichukua kawa lililofunika nguruwe, akalifunika tangi. Nzi wakajaa kwenye nyama. Hakujali.

Kufika saa kumi maji yalitulia. Kamba alikuwa ameanza kuchimba chini ya jiwe, samaki kasimama mbele yake.

Anselmo hajaomba radhi. Anawaambia watu shemeji yake alichafua sikukuu, na watu wazima, na akili zao, wanamwitikia.