Siku Niliyokataa Kuwasha Tanuri

Ule ndio mwaka nazi zilipoadimika, tukala wali mkavu kama wa wafungwa. Kitoweo kilikuwa papa mkavu, na kesho papa, na kesho kutwa papa tena, hata paka wa mtaani wakamchoka. Mara mchele nao ukawa haushikiki. Ndipo watu wa mjini wakaukumbuka mkate wa mofa, na mtaani kwetu mofa ni mimi. Sijisifu. Ulizeni.

Skuli nalitolewa darasa la pili. Lakini tanuri nalisoma kwa sikio: likinguruma bado, likinyamaza bandika.

Mwaka huo huo mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume, akaposwa na watu wa Siyu. Mjukuu huyo ni mwalimu, wa kwanza kwetu kushika chaki. Nikasema mbele ya watu, mdomo wangu haukuomba ruhusa: "Mjukuu wangu hatolewi kwa wali wa kuazima. Karamu yake ni mofa, zote kwa mkono wangu!"

Jioni nikakanda unga wa beseni tatu. Kulipokucha, upepo wa kusi ulikuwa umeamka kabla yangu. Tanuri langu liko kiwandani, ule uwanja mdogo wa ndani ya nyumba, juu wazi. Zamani halikuwa na neno. Ila binamu yangu, ambaye ndiye jirani, alikuwa ameongeza chumba cha makuti juu ya nyumba yake cha kulaza wageni, na ukingo wa paa umeinamia kwangu kama mtu achunguliaye chungu cha mwenziwe.

Nikawasha makumbi ya kwanza, maganda ya nazi niliyoyaweka akiba. Cheche moja ikapanda, ikazunguka, ikatua juu ya makuti yale. Nikaitazama nikisema itazimika. Haikuzimika. Ukatoka moshi mwembamba, wa sigara tu. Magoti yangu haya, yanayolalamika hata kupanda kitanda, yalipanda ngazi mpaka juu ya nyumba yangu. Nikapiga pale kwa gunia la maji, nikapiga, nikasugua kwa kiganja. Likabaki shimo jeusi, kadiri ya kisahani. Hakuna aliyeniona.

Nikashuka, nikalifukia tanuri kwa mchanga. Mikono nikaificha ndani ya leso. Makuti ya mtaa wetu yamefuatana nyumba hata nyumba, na ndia zenyewe, vichochoro hivi, punda wawili hawapishani. Nilipokuwa kigoli niliuona moto ukiruka ndia kama mbuzi, wanawake wakitoka na watoto na Kurani tu. Na kusema siwezi. Nikisema cheche yangu imegusa paa, binamu yangu atataka tanuri livunjwe, nami tangu nifiwe na mume nala kwa hilo tanuri.

Mkaza mwanangu, mama wa bibi harusi, akaingia.

"Mama, mbona moshi siuoni?"

"Siwashi moto na upepo huu."

"Upepo gani? Si wewe uliyepika siku boti zote zilipokatazwa kutoka?"

"Siwashi moto na upepo huu."

Akacheka, meno tu. "Basi sema umezeeka tujue. Wageni wafika baada ya alasiri. Tuwape nini, boflo la dukani na chai kama wagonjwa wa hospitali?"

"Boflo si haramu."

Hata leo akinisalimu, hulisalimu buibui langu, si mimi. Simlaumu. Moto usiowaka hauna shahidi.

Unga nao haukungoja ugomvi wetu. Uliumuka ukainua vifuniko. Nikaupiga ngumi ukashuka, nikigeuka umepanda tena. Juu, nguo kambani zimelala ubavu. Adhuhuri ikaadhiniwa, upepo ni ule ule. Na shimo lile nililiona kila nikiinua uso, nikadhani kila anayeingia analiona.

Kelele zikamfikia binamu yangu. Akaja akasimama mlangoni na kanzu yake ya harusi.

"Bi, kama waogopea paa langu, usiogope. Mwenyewe nimekupa ruhusa. Washa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikazidi kuupiga ngumi unga. Akaketi pale nje barazani, asema atangoja harufu ya mkate.

Ndipo nikasikia vikuku kwenye ngazi. Mwari hatoki ndani siku yake, lakini huyo akashuka, kajitanda leso mbili, hina imempanda mpaka kwenye vifundo. Akachutama karibu yangu.

"Nyanya, uliahidi mbele ya watu."

"Naliahidi."

"Watasema nyanya yangu hakuniridhia."

"Waache waseme, wana midomo."

Akanishika mkono, akaugeuza. "Nyanya, hili lengelenge ni la nini? Umeungua na hujawasha?"

Nikauvuta mkono. Nje barazani binamu yangu akakohoa. Yule mtoto akanitazama, akangoja, na lau angalikuwa peke yake pale ningalimwambia yote.

"Basi kidogo tu," akasema polepole. "Mikate ya sinia la bwana harusi peke yake. Kwa ajili yangu, Nyanya."

Machozi yalikuwa yamekwisha kumharibia wanja.

"Siwashi moto na upepo huu."