Ngome ya Waroma

Rafiki yangu Otieno, mhadhiri hapa Braamfontein, alinialika kuona picha za kale za watu wakifukua ngome ya Warumi. Mimi nilisikia Waroma, na kwetu Kigoma Mroma ni Mkatoliki. Nikamleta Furaha, mwanakwaya ninayetaka kumwoa, anione mtu anayejua mambo.

Picha moja ilinivuta: wachimbaji wenye kofia wamesimama kando ya mfereji wa mawe. Nilijiuliza padri alisimama upande gani.

“Walibatizia hapa,” nikamweleza Furaha, nikafanya ishara ya msalaba. Yeye akapiga magoti kabisa, akafumba macho.

Otieno akanisogelea. “Eish, ndugu yangu, hao walikuwa wanajeshi. Hapo walikuwa wanajisaidia.”

Furaha akafumbua jicho moja. “Chooni?”